UZI: Kipande kipi cha bunduki ndicho bunduki? Historia ya kuunda na kununua Marekani

1/ Kila mara mjadala wa silaha ukiwaka humu mtandaoni, lazima mtu aseme: "Marekani bunduki inanunuliwa kama mkate." Mwingine anamjibu: "Hata hawanunui siku hizi, wanaagiza spea kwa posta wanajiundia sebuleni." Dakika mbili baadaye watu wanatukanana. Kumbe wote wawili wameshika nusu ya ukweli. Hebu leo tuifuate historia yenyewe polepole, ili siku nyingine ukibishana ubishane ukijua unachosema.

2/ Kanuni za uzi huu ni zile zile: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna chama. Na hakuna somo la ufundi pia. Aliyekuja kujifunza kuunda bunduki amepotea njia. Swali langu ni la sheria, na ni moja tu: bunduki ikifunguliwa vipande vipande juu ya meza, ni kipande kipi ndicho bunduki? Usicheke. Swali hilo limefika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na kuna watu wamekufa kwa sababu jibu lake lilikuwa na mwanya.

3/ Kwanza tuelewane kuhusu silaha yenyewe. Bunduki ya nusu-otomatiki ni ile ambayo ukivuta kifyatulio mara moja inatoka risasi moja, halafu inajijaza yenyewe ikingoja uvute tena. Ya otomatiki kabisa huendelea kumwaga risasi ukiwa umeshikilia. Mjadala wa Marekani wa "nijiundie au ninunue iliyokamilika" ni wa hii ya kwanza, hasa ile inayoitwa AR-15. Lakini ili tuifikie, lazima turudi nyuma karibu miaka 240.

4/ Zamani bunduki ilikuwa kazi ya fundi mmoja. Anachonga kitako, anafua mtutu, anasugua kila chuma mpaka kikubaliane na mwenzake. Ukivunjika mtambo wa kufyatulia, huwezi kuchukua wa bunduki nyingine ukaupachika, haungii. Kwa jeshi hii ni balaa. Wanajeshi elfu moja wana bunduki elfu moja zisizofanana, na ikiharibika moja vitani inabaki fimbo tu.

5/ Mwaka 1785, huko Vincennes karibu na Paris, fundi Mfaransa Honoré Blanc alimwonyesha balozi wa Marekani jambo la ajabu. Alimpa mitambo 50 ya bunduki ikiwa imefunguliwa, vipande vimepangwa kwenye vyumba vyumba. Balozi akaokota vipande bila kuchagua, akaunganisha mitambo kadhaa kwa mikono yake, na yote ikakubali. Akaandika nyumbani kuwaeleza. Balozi huyo alikuja kuwa rais baadaye, lakini tumesema hatutaji majina.

6/ Serikali ya Marekani ikaipenda ndoto hiyo. Mwaka 1798 Eli Whitney alipewa kandarasi ya bunduki 10,000, akaahidi kumaliza kwa miaka kama miwili. Alimaliza 1809. Na watu walipokuja kuzichunguza bunduki zake baadaye, waliona vipande vingi havibadilishiki. (Kandarasi za serikali kuchelewa halikuanza kwetu, msijilaumu sana.) Aliyefaulu ni John Hall, kwenye karakana ya serikali ya Harpers Ferry, Virginia, miaka ya 1820. Bunduki zake zilifunguliwa, vipande vikachanganywa, zikaunganishwa upya zikafanya kazi.

7/ Shikeni hapo, kwa sababu ni muhimu. Bunduki inayoweza kuundwa kutoka spea zozote haikubuniwa na watu wa kukwepa sheria. Ni serikali iliyoitaka, ikailipia kwa pesa za umma kwa miongo kadhaa. Ufundi huo ndio ulioenda baadaye kwenye viwanda vya cherehani na baiskeli. Kwa hivyo mtu anayeunganisha bunduki nyumbani leo anakula matunda ya mti uliopandwa na jeshi.

8/ Sasa tuje kwenye sheria. Enzi za magenge ya pombe haramu, bunge la Marekani lilipitisha sheria ya 1934 iliyotoza kodi ya dola 200 kwa bunduki za rashasha na zile za mtutu uliokatwa mfupi. Mwaka 1938 ikaja sheria ya pili, ya biashara ya silaha za kawaida baina ya majimbo. Na hiyo ya 1938 ilisema bunduki ni silaha yenyewe, *au sehemu yoyote ya silaha hiyo*. Soma tena. Sehemu yoyote. Kwa miaka 30, Marekani yenyewe kwenye karatasi ilisema spea ni bunduki.

9/ Nini kilibadilika? Mauaji. Novemba 1963 rais aliuawa Dallas kwa bunduki iliyoagizwa kwa posta kutoka duka la Chicago. Mtu alikata tangazo kwenye jarida, akatuma pesa na jina la uongo, bunduki ikamfikia kwenye sanduku la posta. Aprili 1968 akauawa Martin Luther King. Juni mwaka huo huo akauawa seneta aliyekuwa akiwania urais. Nchi ikasema sasa basi.

10/ Sheria ikatiwa saini tarehe 22 Oktoba 1968. Ilifanya mambo makubwa. Ilifunga biashara ya kuuziwa bunduki kwa posta kutoka jimbo lingine. Ilidai kila kiwanda na kila mwagizaji aweke nambari ya utambulisho kwenye kila bunduki. Ilipanua orodha ya watu wasioruhusiwa kumiliki, wakiwemo waliowahi kuhukumiwa kwa makosa makubwa. Kwa wengi hii ndiyo sheria mama ya silaha Marekani hadi leo.

11/ Lakini ndani ya sheria hiyo hiyo ngumu, kifungu kimoja kililegezwa. Kwenye tafsiri ya maneno, yale maneno "sehemu yoyote" yakaondolewa. Badala yake wakaandika kwamba bunduki ni silaha yenyewe au *fremu* yake, yaani kile kiunzi cha kati kinachobeba mitambo. Ripoti ya kamati ya seneti ilieleza sababu: si rahisi kudhibiti kila kipande kidogo. Na kwa kweli ukifikiria, ni hoja nzuri. Utamwambia mwenye duka aandikishe kila skrubu na kila springi?

12/ Kwa sisi wa huku, fikiria matatu. Kampuni inanunua chasisi, inaipeleka kwa mafundi wa bodi, wanaweka viti, madirisha, taa za rangi, na muziki wa kukutoa masikio. Ukibadilisha viti vyote, gari ni lile lile. Ukibadilisha injini, unaarifu serikali, lakini gari ni lile lile. Logibuku inafuata chasisi. Marekani mwaka 1968 ilisema hivi: fremu ndiyo chasisi. Nambari ikae hapo, ukaguzi ufanyike hapo, mengine yote ni spea.

13/ Matokeo yake? Mtutu ni spea. Kitako ni spea. Komeo, kifyatulio, springi, vyote ni spea. Chini ya sheria ya kitaifa mtu anaweza kuagiza hivyo vyote vikaletwa mlangoni kama viatu, bila kuulizwa rekodi yake. Ni ile fremu tu ndiyo lazima ipitie kwa muuzaji mwenye leseni. Wakati huo hakuna aliyeona shida, maana ni watu wachache walioweza kuunganisha bunduki nyumbani. Bado haijaja bunduki iliyokuwa rahisi hivyo. Au tuseme, ilikuwa imeshakuja lakini haijasambaa.

14/ Bunduki hiyo ilichorwa miaka ya 1950 na Eugene Stoner na wenzake katika kampuni ndogo ya California iitwayo ArmaLite. Ndiyo maana ya "AR": ArmaLite Rifle. Wengi humu huapa kwamba herufi hizo zina maana nyingine, hapana. Mwaka 1959 ArmaLite iliuza haki zake kwa Colt. Jeshi likapata M16 ya Vietnam, na kuanzia 1964 raia wakaanza kuuziwa toleo la nusu-otomatiki.

15/ Hataza za Stoner ziliisha 1977. Tangu hapo kiwanda chochote kiliweza kutengeneza. Na kwa vile vipimo vya jeshi vilijulikana, mtutu wa kiwanda kimoja unaingia kwenye fremu ya kiwanda kingine. Ni kama spea za Probox, kila duka la Kirinyaga Road linazo na zote zinaingia. Ile ndoto ya Vincennes ya 1785 ikawa soko la raia.

16/ Sasa angalia mzaha wa historia. Kanuni iliyofuata sheria ya 1968 ilieleza fremu kuwa kipande kimoja chenye nyumba ya nyundo, ya komeo na ya mtambo wa kufyatulia. Lakini AR-15 ina fremu mbili! Ya chini ina nyundo na kifyatulio. Ya juu ina komeo na inashika mtutu. Hakuna hata moja inayotimiza maelezo yote. Idara ya serikali kuu inayosimamia silaha, ATF, ikachagua ya chini iwe ndiyo bunduki. Miaka ikapita, hakuna aliyeuliza.

17/ Mpaka mawakili wakauliza. Mwaka 2016, na tena 2019, majaji wa California na Ohio waliangalia kesi za watu walioshtakiwa kwa ajili ya fremu za chini wakasema: jamani, kipande hiki hakilingani na maelezo ya kanuni yenu wenyewe. Katika mojawapo ya kesi hizo waendesha mashtaka waliona afadhali wapatane na mshtakiwa kuliko hukumu hiyo iandikwe rasmi. Mnaona ilikofikia? Bunduki maarufu kuliko zote nchini, na sheria haikuwa na uhakika iko kipande gani.

18/ Turudi kwa wale wabishi wawili wa mwanzo. "Kununua iliyokamilika" ni hivi: unaenda kwa muuzaji mwenye leseni, unajaza fomu nambari 4473, rekodi zako zinakaguliwa (mfumo wa kitaifa wa ukaguzi wa papo hapo ulianza 30 Novemba 1998), unatoka na bunduki yenye nambari, iliyopimwa kiwandani, yenye dhamana. Ikikulipukia usoni kuna mtu wa kushtaki. Ndani ya bei kuna kodi ya asilimia 11 anayolipa mtengenezaji, na tangu 1937 pesa hiyo imeelekezwa kwenye uhifadhi wa wanyamapori.

19/ "Kuunda kutoka spea" kwa njia ya kawaida ni hivi: unanunua fremu ya chini iliyokamilika kwa muuzaji yule yule, fomu ile ile, ukaguzi ule ule. Halafu mengine unaagiza kidogo kidogo kadiri mfuko unavyoruhusu. Spea zinazouzwa peke yake hazitozwi ile asilimia 11. Watu hufanya hivi kwa sababu ya bei, kwa kutaka kuchagua, au kwa raha ya ufundi tu. Kwa hiyo anayesema "wote wanaojiundia wanakwepa ukaguzi" amekosea. Ukaguzi umefanyika, ila umefanyika kwa kipande kimoja.

20/ Serikali nayo ilijifunza kuhesabu spea. Mwaka 1989 ilizuia kuingizwa nchini kwa aina fulani za bunduki za nusu-otomatiki kutoka nje. Wafanyabiashara wakaleta spea zake badala yake. Mwaka 1990 bunge likakataza kuunganisha bunduki hizo kutoka spea za nje, na kanuni ikaja na hesabu: kuna orodha ya sehemu 20, zisizidi 10 zilizotoka nje. Yaani bunduki mbili zinazofanana kama mapacha, moja halali na nyingine haramu, kwa tofauti ya springi mbili tatu.

21/ Mwaka 1994 ikaja marufuku ya miaka kumi ya "silaha za kivita". Pamoja na kutaja bunduki kadhaa kwa majina, ilihesabu sifa: mshiko wa bastola, pahali pa kufunga singe, kitako cha kukunja, na kadhalika. Ukiwa na mbili au zaidi kwenye bunduki ya magazini ya kutoa, ni haramu. Viwanda vikaondoa pahali pa singe, vikaendelea kuuza. Wapinzani wa sheria wakasema ni ya kijinga. Waungaji mkono wakasema viwanda ni vijanja. Ilipofika 13 Septemba 2004 ikafa bila kuongezwa muda.

22/ Sasa tumefika penye mwanya wenyewe. Ikiwa fremu iliyokamilika ndiyo bunduki, je, fremu ambayo *haijakamilika*? Kipande cha alumini au plastiki ambacho bado kinahitaji kazi kidogo? ATF kwa miaka mingi ilijibu kwa barua, kipande kwa kipande: hiki bado, hiki tayari. Soko likaviita vya "asilimia 80". Hiyo 80 haimo kwenye sheria popote, ni lugha ya biashara. Lakini maana yake ilikuwa kubwa: kwa kuwa si bunduki, hakina nambari, hakina fomu, hakina ukaguzi. Mtu anamalizia mwenyewe nyumbani.

23/ Kingereza wanaziita bunduki za mizimu. Sisi tungesema *bunduki hewa*, ila kuna tofauti moja. Mfanyakazi hewa yuko kwenye daftari lakini kazini hayupo. Bunduki hewa iko mtaani lakini kwenye daftari haipo. Polisi wakiiokota penye maiti, hakuna pa kuanzia. Mwaka 2017 vyombo vya usalama vilipeleka bunduki za aina hii kama 1,600 kwa serikali kuu zifuatiliwe. Mwaka 2021 zilikuwa zaidi ya 19,000.

24/ Hizi si takwimu tu. Novemba 2017, Rancho Tehama, California, mtu aliyekuwa amezuiwa na mahakama kuwa na silaha aliua watu watano. Alikuwa na bunduki mbili za nusu-otomatiki alizojiundia mwenyewe. Alijaribu kuingia shule ya msingi, wafanyakazi wakawahi kufunga milango. Novemba 2019, shule ya upili ya Saugus, California, mwanafunzi aliua wenzake wawili kwa bastola iliyoundwa kutoka kifurushi cha spea. Hawa wawili hawangeweza kununua kihalali dukani. Duka lingewakataa, spea hazikuwauliza kitu.

25/ Upande wa pili nao una hoja, na lazima tuwasikilize. Wanasema raia wamejitengenezea bunduki tangu enzi za ukoloni wa Waingereza, na sheria ya kitaifa haikuwahi kumtaka anayejiundia kwa matumizi yake halali awe na leseni. Wanasema bunduki nyingi zinazookotwa kwenye uhalifu bado ni zile za kiwandani zenye nambari. Na wanauliza swali zito: nani ana mamlaka ya kubadilisha maana ya neno lililo kwenye sheria, bunge lililochaguliwa au idara ya serikali? Hata kama hupendi bunduki, swali hilo si la kupuuza.

26/ Mwaka 2022 ATF ilitoa kanuni mpya, ikaanza kutumika Agosti 24: kifurushi kinachoweza kugeuzwa bunduki kwa urahisi ni bunduki, na fremu iliyokaribia kukamilika ni fremu. Kesi ikafunguliwa Texas. Mahakama ya rufaa ikaitupa kanuni hiyo Novemba 2023, na mojawapo ya sababu ni ile ile ya posti ya 11: mwaka 1968 bunge liliondoa neno "sehemu" kwa makusudi, idara haiwezi kulirudisha kupitia dirishani.

27/ Tarehe 26 Machi 2025 Mahakama ya Juu ikaamua, majaji 7 kwa 2, kwamba kanuni hiyo kwa ujumla wake hairuki mipaka ya sheria. Jaji Neil Gorsuch alitoa mfano wa maisha ya kawaida: mtu akinunua meza ya IKEA husema amenunua meza, ingawa iko kwenye boksi na bado ana saa kadhaa za kufunga skrubu. Lakini mahakama haikusema kila kipande ni bunduki. Ilisema baadhi ya vifurushi ni bunduki. Mpaka uko wapi hasa, kesi zitakuja nyingine.

28/ Na Kenya je? Sisi pia tuna historia ya bunduki za kujiundia, na si ya kuazima. Wapiganaji wa Mau Mau waliziunda kwa bomba la maji, mbao, mpira wa tyubu na komeo la mlango. Nyingine ziliwalipukia wenyewe mikononi. Serikali ya kikoloni iliwajibu kwa sheria za Hali ya Hatari ambazo zilifanya kupatikana na silaha au hata risasi kuwa kosa la kunyongwa. Dedan Kimathi alinyongwa 18 Februari 1957, na kosa alilohukumiwa ni kupatikana na bastola na risasi zake.

29/ Sheria yetu ya silaha, Sura ya 114, ilitungwa katika kipindi hicho hicho, na msingi wake bado tunao. Yenyewe haikuchagua kipande kimoja. Kwenye tafsiri yake, silaha ni pamoja na sehemu zake muhimu. Kwa hiyo ule ubishi wa "ninunue au nijiundie" kwetu hauna hata pa kuanzia kisheria: mtutu mtupu bila cheti tayari ni kesi. Na usiniambie basi sheria imemaliza silaha. Waulize watu wa Baringo na Turkana. Sheria nzuri ya karatasi na mpaka mrefu ni vitu viwili tofauti.

30/ Msimamo wangu basi, na ubishaneni nao. Marekani haikuamua siku moja kwamba watu wajiundie bunduki bila kukaguliwa. Iliamua mwaka 1968, kwa sababu nzuri ya kiutendaji, kwamba kuhesabu springi ni upuuzi. Hilo lilikuwa kweli. Lakini teknolojia ikasonga, na maneno yakabaki pale pale kwa miaka zaidi ya 50. Mwanya ulianzia kwenye sentensi ambayo karibu kila mtu aliiona ya kawaida.

31/ Nasi tunapitisha miswada kila mwaka. Mitandao, ardhi, kodi, afya, mikusanyiko. Tunapigania vifungu vya adhabu na faini kwa sababu ndivyo vinavyopigwa picha na kusambazwa. Kile kifungu cha mwanzo cha tafsiri, "katika sheria hii, neno hili maana yake ni hili," tunakiruka kama tangazo. Hapo ndipo inaamuliwa nani ameshikwa na nani amepita. Katiba kifungu cha 118 inakupa nafasi ya kusema kabla bunge halijapitisha. Itumie hapo.

32/ Kwa hiyo mswada mwingine ukitua, kabla ya kuweka hasira zako humu, fungua ukurasa wa tafsiri uulize matatu. Neno hili linamfunika nani? Linamwacha nani nje? Na teknolojia ikibadilika miaka 20 ijayo, litakuwa bado lina maana ile ile? Ukipata kifungu cha tafsiri kilichokushangaza kwenye mswada wowote ulio mbele ya bunge sasa, weka hapa chini na nambari ya kifungu. Matusi pelekeni kwingine. Vifungu leteni.